Biskuti za Ubani

Eda yangu niliikalia juu ya biskuti, na sisemi kwa mzaha. Kitanda changu kilikuwa kimeinuliwa kwa matofali, na chini yake, ukuta hadi ukuta, zilipangwa katoni za biskuti za maziwa. Pembeni mwa kabati zilisimama katoni za maziwa ya unga. Ukumbini ulipita kwa ubavu, kati ya kuta mbili za tambi za pakiti. Sebule ndiyo usiseme. Makochi yalishauzwa zamani, na mgeni akija alipewa katoni akae, kisha akaombwa asiegemee.

Haikuanza hivyo. Mume wangu alipopewa uwakala wa kampuni ile ya ng'ambo, kampuni kubwa ya vyakula vya pakiti ambayo bidhaa zake utazikuta popote penye duka, aliniambia ni katoni chache tu, za kuweka pembeni hadi apate stoo. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini wageni hawa hawakuwa na mikono ya kushikia jembe. Stoo haikupatikana. Kila lori la Mombasa lilipokuja, kitu chetu kimoja kilitoka. Ilianza meza, yakafuata makochi, kisha cherehani yangu ikaenda kukaa kwa wifi.

Mimi nilikuwa mpishi wa vileja, biskuti zetu za nyumbani. Wenye harusi wa Malindi walinijua kwavyo, vya samli na hiliki, vinavyovunjika ulimini kabla hujavitafuna. Siku msimamizi wa mauzo wa kampuni alipokuja kukagua nyumba, alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akauliza ni harufu gani ile. Mume wangu akamjibu kwa fahari kwamba ni hiliki, kazi ya mkewe. Msimamizi, mtu mpole wa bara, akaeleza kwamba biskuti na maziwa ya unga hunyonya harufu upesi sana, na sharti la uwakala ni kwamba zinapowekwa pasipikwe kitu cha kunukia wala pasifukizwe. Nikaacha vileja, na udi nikauacha. Huku kwetu mwanamke asiyefukiza nyumba yake huulizwa kama anaumwa, nami niliulizwa hivyo kwa miaka.

Mume wangu alianguka Kakuyuni, mbele ya duka, akishusha tambi kwenye tuktuk. Alifia hospitalini, nami niko kando yake; daktari alisema ni presha. Mchana alizoea kula tambi zilezile njiani, kwa maji ya moto ya kuomba kwa mwenye duka, na kidonge cha viungo cha kampuni ileile juu yake, kwa kuwa hakuwa na wakati wa kurudi nyumbani kula. Sisemi ndizo zilizomuua. Siku yake ilifika. Lakini hata leo nikiiona pakiti ile, mate hunikauka.

Basi nikaingia eda. Mjane hukaa katika nyumba aliyoishi na mumewe, hatoki bila dharura, hajipambi, hajitii manukato, hakai na wanaume wasio maharimu wake, mpaka muda uliowekwa uishe. Sikuwa na ugomvi na sheria hiyo. Mama yangu alikaa eda, na bibi yangu pia. Lakini wao walikaa kwenye nyumba. Mimi nilikaa kwenye stoo. Nikigeuka usiku, goti liligonga maziwa. Nikiamka kusali, nilitafuta mahali pa kutandika msala nikapata kipande kati ya mlango na tambi, na nikisujudu kichwa changu kilikuwa mbele ya ile picha ya kila katoni, mtoto mnene anayecheka na kijiko mkononi. Ikabidi nimgeuze mtoto yule kila sala, na kila aliyepita akamrudisha.

Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Lamu, alihamia kwangu kunisaidia. Nyumba ni yake, aliachiwa na mumewe. Mimi nimo kwa kuolewa. Mtoto sikujaaliwa. Hayo hatukuwahi kuyataja, lakini yalikuwa yamekaa nasi kila mlo. Alifika na mkoba mdogo na msahafu, akapita ukumbini kwa ubavu, na badala ya kulalamika kama kila mgeni, akasimama, akaweka kiganja kwenye katoni, akakipitisha polepole.

Mume wangu alikuwa na desturi ya kuandika juu ya kila katoni jina la duka itakakokwenda. Aliandika kwa kalamu nene nyeusi, mwandiko wa mtu aliyefunzwa khati chuoni utotoni, herufi zimelala kidogo. Watamu, duka la kona. Kakuyuni, kwa mama wa kisimani. Barani, nyuma ya msikiti. Mama yake alikuwa akiyasoma kwa vidole.

"Hii kaiandika akiwa na haraka," aliniambia siku ya kwanza. "Waona mkia wa herufi?"

Hapo nikajua nimekwisha. Nilikuwa nimejiahidi kwamba eda ikimalizika nitazitoa katoni zile zote, nitandike mkeka sebuleni, niifukize nyumba mpaka dari, niteleke samli nipike vileja. Sikuomba kingine kwa Mungu isipokuwa nyumba irudi kuwa nyumba. Na sasa mwenye nyumba alikuwa amezipenda katoni.

Siku ya hitima wanaume walisoma msikitini, wanawake wakaja kwangu. Walikaa sebuleni vichochoroni mwa katoni, wengine juu yake, juzuu zikagawanywa. Mama mkwe akaleta chetezo. Nikamwangalia akitia makaa, akatia ubani, akatia tena. Nilijua sharti. Nilifungua mdomo niseme, kisha nikajiuliza, hivi nitamwambia mama aliyefiwa na mwanawe kwamba asimfukizie kwa sababu ya biskuti? Nikafunga mdomo. Moshi ukapanda, ukazunguka, ukaingia kila upenyo. Mlango na madirisha yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya stara. Tulisoma na machozi yanatutoka, mengine ya msiba, mengine ya moshi.

Baada ya kisomo vyakula vililetwa. Nyumba yenye msiba haipiki, majirani ndio hupika, na kila nyumba huleta kile inachojulikana nacho. Jirani yangu wa mlango wa pili alileta pilau yake, ambayo zamani ungeijua hata umefumba macho, kwa jinsi alivyokuwa akikaanga kitunguu karibu kiungue. Nikatia tonge. Nyuma ya kitunguu palikuwa na ladha nyingine, ya chumvi na kitu cha kung'ang'ania ulimi. Nikaijua. Ilikuwa kwenye katoni nyuma ya mgongo wangu. Nikaonja mchuzi wa samaki wa mwingine, ladha ileile ilikuwamo ndani ya nazi. Kwenye mbaazi pia ilikuwamo. Nilizunguka sahani zote kwa kidole, kama mtoto asiye na adabu, na zote zilikuwa na kidonge kimoja, kile ambacho mume wangu alikipeleka kwa tuktuk, duka kwa duka, kwa miaka, hadi kikaingia kila jiko la mtaa wetu wa Barani. Nilishikwa na hofu nisiyoweza kuieleza kwa wale wanawake wema. Hata chakula cha kunifariji kilitoka kwenye katoni zilizonizingira.

Siku zikaenda. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ndiye aliyeendelea kupeleka mzigo madukani. Kila katoni ilipotoka mama mkwe aliisindikiza hadi mlangoni.

Kisha msimamizi wa mauzo akaja. Alikaa kwenye baraza nje, mama mkwe kando yake, nami nikakaa ndani nyuma ya pazia la mlango.

"Mama, pole sana," aliniambia kupitia pazia. "Mimi si mtu wa hapa. Kama nakosea kuongea na wewe hivi, unisamehe."

"Hukosi. Sema," nikamjibu.

Akaanza mbali. Alikuwa na maelezo ya kampuni kwenye simu yake, akayasoma, nadhani kwa sababu kusoma kulikuwa rahisi kuliko kuzungumza na pazia. Kampuni ina viwanda mabara yote. Inauza maziwa, kahawa, biskuti, tambi, viungo, chakula cha watoto wachanga, hata chakula cha paka.

"Cha paka?" mama mkwe akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Na paka wa huko samaki hawali?"

Msimamizi akacheka, kisha akakumbuka yuko msibani, akakohoa. Akaendelea na hatari. Sikujua kwamba kampuni kubwa namna ile nayo huwa na hofu, tena inaziandika. Ngano ikikosa mvua huko inakolimwa. Mafuta ya kula yakipanda bei. Meli zikizuiwa njiani. Serikali zikitunga sheria juu ya chumvi na sukari. Watu wakibadili ladha wanazopenda. Bidhaa bandia. Jina la kampuni kuchafuka. Nilisikiliza nikijipepea kwa kipande cha katoni. Ya mwisho ilikuwa kukatika kwa usambazaji, mahali ambapo kampuni inamtegemea mtu mmoja.

Akaishusha simu. "Hiyo ndiyo ya hapa kwenu, mama."

Nikaelewa. Mume wangu, niliyemfumba macho kwa mkono wangu, alikuwa ndiye kukatika kwa usambazaji. Nilikasirika hadi masikio yakapata moto, na nilikasirika zaidi kwa sababu yule mtu hakuwa amesema ubaya wowote. Aliusoma mstari ulivyoandikwa.

"Kampuni ingependa uwakala uendelee, kwa jina lako," alisema. "Mzigo unaujua, maduka unayajua. Na tunauliza kila wakala, wewe mwenyewe unaona hatari gani mahali pako?"

Nilikuwa nayo majibu. Nilitaka kumwambia kwamba silali, kwamba nasujudia tangazo, kwamba pilau yote ya mtaa ni moja. Nilitaka kumwambia alete lori na alijaze. Lakini mama mkwe alikuwa kwenye baraza lake, mbele ya nyumba yake. Mwenye kutunza katoni alikuwa na sababu ya kukaa mle. Mjane asiye na mtoto, eda ikisha, sababu yake nini?

"Ataendelea," mama mkwe akasema. "Kazi ya mwanangu haifi."

Nikajipepea. Hakuna aliyeniuliza tena.

Wiki haikupita simu ikalia. Alikuwa yule mama wa kisimani, mwenye duka kule Kakuyuni, Mgiriama mcheshi ambaye mume wangu alimpenda kwa utani wake.

"Dada, pole na msiba," alianza. "Lakini hizi biskuti zenu, mbona hivi? Watoto wazikataa. Jana mzee kafungua pakiti hapa dukani, kanusa, kavua kofia, akaniuliza ni nani aliyekufa."

Nilikaa kitandani. Nikavuta katoni moja, nikafungua pakiti. Zilinukia ubani. Haikuwa kidogo, ilikuwa ile harufu yenyewe ya kuosha maiti na ya hitima. Nikafungua maziwa, nayo vilevile. Nikacheka, ndani ya eda, peke yangu, mpaka nikaziba mdomo kwa leso. Watamu nao wakapiga. Nyuma ya msikiti hawakupiga, walirudisha tu. Mji mzima ukaziita biskuti za maiti, na hata asiyeamini hakutaka kuwa wa kwanza kumpa mwanawe.

Msimamizi alikuja mbio. Nilimsikia kwenye baraza akirarua pakiti.

"Lakini mama, hii ni harufu nzuri," alisema kwa mshangao. "Kwetu hii ni ya kanisani, misa ya sikukuu."

"Kwetu ni ya sanda," mama mkwe akamjibu.

Sijui aliwaandikiaje wakubwa wake. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Walishaogopa ukame na vita vya ng'ambo, chetezo cha mama mmoja wa Lamu hawakukiwaza. Lori likatumwa kuchukua mzigo wote ukateketezwe Mombasa. Wapagazi walibeba, na mama mkwe akasimama mlangoni akisoma kila katoni inayompita, kwa sauti ya chini. Watamu, duka la kona. Kakuyuni, kwa mama wa kisimani. Ya mwisho ilipotoka alikaa kwenye kizingiti na kulia kuliko alivyolia siku ya maziko. Nilikaa naye. Nilimwonea huruma ya kweli, na wakati huohuo macho yangu yalikuwa yakikimbia nyuma, kuiangalia sebule.

Ilikuwa kubwa. Nilikuwa nimesahau kwamba ni kubwa. Sakafu ilikuwa na alama za miraba, na kwenye kona nikakuta kisahani changu cha kupimia hiliki. Usiku ule nililala sakafuni, mikono nimeinyoosha huku na huku, haikugonga kitu.

Furaha hiyo haikudumu. Shemeji alileta habari njema, kama alivyoziita. Kampuni imesamehe. Mzigo mpya unakuja, uwakala kwa jina langu, na sharti moja limekaziwa, nyumba isifukizwe kabisa. Lori litafika Alhamisi.

Alhamisi ndiyo siku niliyotoka eda.

"Si neno," mama mkwe alisema. "Tutakutoa uani."

Mjane kwetu hutolewa eda sebuleni, mlango wa mbele ukiwa wazi, ili anayepita ajue. Mimi nilitolewa uani, kati ya pipa la maji na kamba ya nguo. Niliogeshwa, nikavikwa leso mpya, nikatiwa hina viganjani. Kisha nikakalishwa kwenye kigoda, chetezo kikawekwa chini yangu, nikafunikwa. Moshi wa udi ulipanda mgongoni ukaingia nyweleni. Nilikuwa nimekaa miaka bila udi na miezi bila tone la marashi. Nililia ndani ya leso ile, na nilijua ninalilia nini: mume wangu, na nyumba, na vileja, vyote pamoja. Wanawake wakapiga vigelegele. Nje, upande wa barabara, nikasikia lori likirudi nyuma.

Niliinuka nikaingia ndani. Nilipofika mlango wa sebule, nusu ya chumba ilikwisha kujaa. Mpagazi aliyebeba katoni begani akanyoosha mkono kunizuia.

"Mama, usiingie tafadhali. Tumeambiwa harufu isifike hapa."

Nikamtazama, na nikautazama mkono wake. Kwa miezi yote ile nilikatazwa kutoka. Sasa nimetoka, nimesafishwa, nimepambwa, na ninakatazwa kuingia.

Nikaingia. Nikapita chini ya mkono wake, nikaenda kwenye rundo la biskuti katikati ya sebule, nikakaa juu yake. Nikaitandaza leso yangu, ingali ikifuka.

Wapagazi wakasimama. Shemeji akaja na simu sikioni, msimamizi yu upande wa pili.

"Shemeji, toka basi. Mzigo utaharibika."

"Najua."

"Yuasema utaharibika wote."

"Mwambie nimesikia."

Nilijua ninachokicheza. Nyumba haikuwa yangu, na mwenye nyumba alikuwa ameshasema neno lake mbele ya watu. Nilifikiri, kesho nitakuwa kwa dada yangu na mkoba wangu, na liwe liwalo.

Mama mkwe akatokea ukumbini, chetezo mkononi, hajui kilichopo. Aliniangalia nilipokaa. Akaweka chetezo chini, akaisogelea katoni ya karibu, akapitisha kiganja juu yake kama alivyozoea. Akaigeuza upande wa pili. Akaenda kwenye nyingine, na nyingine, akizunguka rundo zima nami niko juu, akitafuta kwa vidole. Zilikuwa safi. Hazikuwa na kitu ila yule mtoto anayecheka na kijiko.

"Hizi ni za nani?" akauliza.

"Za kampuni, mama," shemeji akasema.

"Mkono wa nduguyo hamna."

"Mama, ni mzigo mpya."

Kisha akafuta viganja vyake kwenye kanga, kama mtu aliyeshika kitu kisicho chake.

"Basi wazichukue," akasema. Akanigeukia. "Wewe kaa ulipokaa."

Wakazichukua. Ile niliyoikalia ilikuwa ya mwisho, na walinisubiri niinuke. Jirani wa mlango wa pili akaleta pilau ya kunitoa eda, tukatandika mkeka juu ya zile alama za sakafuni, chetezo kati yetu. Mama mkwe akatia tonge mdomoni, akatafuna, akasita. Niliiona ladha ikimfika. Hakuwa ameijua kabla. Vyakula vya hitima hakuvigusa.

"Hii ina nini?" akauliza.

Nikamwambia. Nikamwambia na nani aliyeileta mtaani, na kwamba hakuna jiko la Barani lisilokuwa nayo, na kwamba hata tukifukiza mwaka mzima haitatoka.

Mama mkwe akapitisha kidole ukingoni mwa sahani, kama alivyokuwa akiyasoma maandishi ya mwanawe. Akachota tonge la pili, kubwa kuliko la kwanza.